Mikono Mfukoni: Maisha ya Nobert Turyahikayo, Fundi wa Umeme

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, wakwe zetu mliotoka Hima, majirani wa Kilembe na Bwera, mafundi wenzi wa marehemu mliokuja na ngazi zenu juu ya gari, na nyinyi vijana mliosimama nyuma ya hema na fimbo mkidhani sijaziona, naomba mnisikilize. Mimi ni Ahimbisibwe, kaka mkubwa wa marehemu, wengi mnaniita afande kwa sababu ya miaka kumi na miwili niliyokaa jeshini, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya ndugu yangu, nami nitayasoma kwa Kiswahili ili Mnyankole, Mkonzo, Mwacholi na Mkongomani wote wasikie kitu kimoja. Karatasi hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana, kwa hiyo anayetaka historia tamu aende akanywe chai, sisi wengine tukae.

Marehemu Nobert Turyahikayo alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Machi 1988, huko Kilembe, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, akiwa mtoto wa mwisho wa marehemu Kosmasi Mwesigwa, fundi wa pampu aliyebaki mgodini hata baada ya shaba kusimama, na marehemu mama yetu Edisa, aliyekuwa akiuza maandazi kwenye lango la hospitali. Baba yetu alikuwa mtu wa ngumi, hapa sitoboi siri, wazee wa Kilembe wanacheka kwa sababu wanamkumbuka, na kila Jumapili baada ya ibada alitupeleka nyuma ya nyumba, akachora duara chini, akatupiganisha mpaka mmoja atoke damu. Mimi nilimvunja Nobert pua akiwa na miaka tisa, naye alipofika kumi na mbili akanivunja kidole hiki hiki ninachoshikia karatasi, kimepinda hadi leo, na baba alimnunulia soda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1994 na kumaliza mwaka 2000, akaingia sekondari mjini Kasese, na mwaka 2002 akafukuzwa kwa kumvunja taya kiranja aliyemwaga kwa makusudi uji wa mtoto wa kidato cha kwanza, mwalimu mkuu akasema kijana huyu atafia jela, mama akalia, baba akaagiza soda nyingine. Alimalizia kidato cha nne hapa Bwera mwaka 2005, kisha akasomea umeme katika chuo cha ufundi Fort Portal kuanzia mwaka 2006 hadi 2008, akatoka na cheti cha daraja la juu, jambo lililotuacha midomo wazi, maana ile mikono tuliyoijua kwa kupasua watu midomo ilikuwa inaunga nyaya nyembamba bila kutetemeka hata kidogo.

Mwezi Januari 2009 aliajiriwa katika kiwanda cha saruji, akakaa huko miaka saba, na mwaka 2016 akahamia kampuni ya mafundi wa laini za umeme hapa Bwera, ambako kazi yake ilikuwa kupanda nguzo, kutengeneza transfoma, na kukata nyaya za wizi. Kazi hiyo ya kukata, ndugu zangu, ni vita, fundi hurushiwa mawe, humwagiwa maji ya moto, huachiwa mbwa, na mwaka 2017 mtu mmoja alimvamia kwa panga akiwa bado amefungwa mkanda nguzoni, Nobert akashuka, akamnyang'anya lile panga, akampiga nalo kwa ubapa mgongoni mpaka yule bwana akaita jina la mama yake. Siku hizo hakuna aliyemchezea.

Kuhusu ndoa, alimpata Proscovia Lalam, binti wa fundi wa saruji aliyetoka Kitgum, na siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe huko Hima, mwezi Agosti 2013, shemeji yake Omara alimwambia kwamba watu wa Kilembe ni wahuni, Nobert akamtoa meno mawili mbele ya mchungaji na mbele ya mbuzi wa mahari. Omara yuko pale, akifungua mdomo mtaona pengo, na ajabu ni kwamba kuanzia siku ile wakawa chanda na pete, Omara akafuata kazi ya umeme, akawa ndiye mtu anayemshikia ngazi. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2013, binti yao Atuhaire akazaliwa tarehe 2 Juni 2014, wanaopenda kuhesabu miezi wahesabu kimya kimya, na mdogo wake Amony akazaliwa tarehe 19 Februari 2018.

Sasa nasoma sehemu iliyotuleta hapa. Mwaka 2021 marehemu alianza safari ya Kanada, na wengi wenu mlimsikia akizungumzia pointi bila kuelewa ni mchezo gani, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Serikali ya kule humpima fundi kwa pointi, umri una pointi zake, shule ina pointi zake, miaka ya kazi, Kiingereza, hata Kiingereza cha mke kinapimwa, kisha majina yanapangwa kwa foleni na wenye pointi nyingi ndio wanaoitwa, wakakae huko moja kwa moja na watoto wao. Lakini ukipita miaka ishirini na tisa umri unaanza kukula, na kwa mtu mwenye mke kila mwaka unaondoka na pointi tano, ndiyo maana nyumbani kwake tulikatazwa kumwimbia siku ya kuzaliwa, ikifika tarehe 12 Machi Nobert alikaa kama mtu aliyefiwa, na Atuhaire alimfichia keki chini ya kitanda.

Pointi zilizompungua kwa umri alizitafuta kwa Kifaransa. Kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko, alivuka mpaka kwenda Kasindi, akakaa na wauza vitenge wa Kikongomani akiwatengenezea taa bure ili wamsahihishe matamshi, wakamcheka, wakamwita muzungu ya nguzo, naye akavumilia miaka miwili, akaenda Kampala kufanya mtihani, akarudi na pointi hamsini za nyongeza, siku hiyo alimbeba Proscovia begani kutoka stendi hadi nyumbani. Alitaka nini huko? Alimwambia mke wake, na mke wake ameniruhusu niwaambie, kwamba alitaka kuishi mahali ambapo mtu anapanda nguzo asubuhi na jioni anashuka, basi.

Mwezi Januari 2022 alikuja kwangu kuniuliza kuhusu hati ya tabia njema, ile inayotoka polisi, kwa sababu wanaoitwa lazima waionyeshe, nami nilipotoka jeshini niliwahi kulinda lango la kituo kimoja, nikajiona najua. Nilimwambia kwa sauti ya afande kwamba jina lake likiandikwa kwenye kitabu cha kituo kwa jambo lolote la kupigana, hata kama yeye ndiye aliyepigwa, hata kama amejikinga tu, hati hiyo ameikosa, na Kanada ameikosa, na watoto wake wameikosa. Nikamwamuru kwamba kuanzia siku hiyo mtu akimgusa aweke mikono mfukoni, nikamfanya arudie maneno hayo mara tatu akiwa amesimama wima, kama kuruta, naye akarudia.

Akatii, Mungu wangu, Nobert aliyekuwa hajawahi kumtii mtu yeyote akanitii mimi. Mwaka 2023 mwendesha boda mmoja wa hapa mjini alimzaba kofi mbele ya Atuhaire kwa kugombania njia, akaweka mikono mfukoni, akazabwa la pili, akasimama tu, mtoto akarudi nyumbani akiuliza kwa nini baba anaogopa, na vijana wa stendi wakampa jina la Mama Kanada. Mwaka 2024 alipigwa jiwe la bega, hakushtaki. Mimi nilipata habari hizo zote, nikampigia simu, nikamsifu.

Siku ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, marehemu na Omara walitumwa kukata waya wa wizi uliokuwa ukiendesha mashine ya kupasua mbao, hapa hapa Bwera, kando ya barabara ya mpakani. Nobert alipanda, akakata, na alipokuwa juu mwenye mashine akatoka na vijana wanne, wameshika nondo na vipande vya mbao, wakaanza kutikisa ngazi wakisema mutu ya umeme ashuke leo wamuonyeshe. Akashuka. Omara anashuhudia, na atashuhudia mahakamani, kwamba Nobert alikuwa ameshika lile koleo kubwa la kukatia, chuma kizito ambacho kingemtosha kwa watu watano, naye akalirudisha ndani ya mfuko wa vifaa, akafunga zipu, kisha akaingiza mikono yote miwili mfukoni.

Omara alirusha ngumi, wakamvunja mkono wa kushoto, na Nobert akampigia kelele aache, aache kabisa, wasije wakaandikwa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani. Nondo ya kwanza ilimpata mbavuni, ya pili gotini, akapiga magoti, akainuka tena na mikono bado iko mfukoni, wakampiga mdomoni, wakampiga sikioni, damu ikamfumba macho, na kilichomwangusha ni kipigo cha kisogoni, kutoka nyuma, kisha wakaendelea kumpiga akiwa chini. Omara alihesabu mapigo kumi na moja kabla hajazimia. Daktari aliponionyesha mwili nilitafuta kwenye mikono yake mkwaruzo wowote wa mtu aliyejikinga, nikageuza vidole kimoja kimoja, mikono ilikuwa safi.

Alipokelewa hospitali ya Bwera, usiku huo huo akapelekwa Fort Portal akiwa hajitambui. Siku ya Alhamisi tarehe 9, saa nane mchana, simu yake iliyokuwa mkobani kwa Proscovia ililia, ni barua pepe, Kanada wamemwita, anatakiwa kutuma vyeti vyake pamoja na hati ya tabia njema. Proscovia akainama akamsomea sikioni, barua yote, kwa Kiingereza, kisha akamtafsiria. Hakufumbua macho. Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, na mnaouliza kama mjane anaweza kuitumia barua ile, jibu ni hapana, mwaliko huo haurithiwi.

Jumamosi alikuja wakili mmoja, Barbara, kuandika maelezo ya Omara, nami nikamweleza kwa majivuno jinsi ndugu yangu alivyolinda jina lake, na akaacha kuandika, akaniangalia, akaniambia taratibu kwamba kuandikwa kwenye kitabu cha kituo si hatia, kinachotazamwa ni kesi na hukumu ya mahakama, na hakuna sheria inayomkataza mtu kujikinga asiuawe. Akasema Nobert angewapiga wote watano na bado angekwenda Kanada. Nilikaa chini kwenye vumbi na suruali ya ibada. Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, vijana wale walimpiga ndugu yangu, lakini mikono yake nilikuwa nimeifunga mimi, miaka mitatu na miezi tisa kabla yao, kwa jambo ambalo sikulijua, na sikumuuliza mtu anayelijua, kwa sababu afande haulizi. Proscovia, mke wa mdogo wangu, nimekukosea, na nakwambia mbele ya watu wote hawa, na Atuhaire, baba yako hakuogopa mtu, alikuwa ananitii mimi.

Nyinyi vijana wa kule nyuma, najua mnachosubiri. Washambuliaji watatu wamekamatwa, wawili wamevuka Kongo, na nyumba ya mwenye mashine iko mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, mke na watoto wake wamo ndani, na tangu Ijumaa mnaniangalia usoni mkingoja nitikise kichwa. Sitadanganya mbele ya jeneza, panga langu nililinoa Jumamosi jioni, liko chini ya kiti cha gari, na damu yangu inachemka hata sasa ninaposoma. Lakini mimi ni mtu ambaye alitoa amri moja katika ukoo huu, na matokeo yake mnayaona yamelazwa hapa, sina amri nyingine ya kumpa mtoto wa mtu. Kesho Jumanne, saa tatu asubuhi, naenda kituoni na Omara na Barbara, kuandikwa kwenye kitabu kile kile, jina langu likiwa la kwanza, kama shahidi wa yale niliyomwambia, na kila aliyeona chochote barabarani siku ile aje aandikwe pia. Fimbo ziacheni kaburini, tutazifukia naye, na panga langu litatangulia.

Kwa niaba ya ukoo tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bwera na Fort Portal waliopigania uhai wake siku mbili bila kuchoka, majirani waliotuletea kuni, maji na hema, mafundi wenzake waliozima kazi leo ili wambebe, wauza vitenge wa Kasindi waliovuka mpaka tangu alfajiri, na wakwe zetu wa Hima, hasa Omara, aliyeng'olewa meno kwa mkono wa Nobert na kuvunjwa mkono kwa ajili ya Nobert. Marehemu ameacha mjane mmoja na mabinti wawili, na kaka mmoja.

Nobert, jana tulipokuvalisha suti Proscovia alishona mifuko yote, ya koti na ya suruali, kwa uzi mara mbili. Mikono yako iko nje, mdogo wangu, hakuna wa kukuandika tena, lala salama.