Bibi Sayari Anauaga Ukumbi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika jumba letu la sayansi, dada yetu ambaye wanafunzi walimbatiza Bibi Sayari anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Muda wake ulikuwa bado. Ni macho yaliyomharakisha, na hatutajifanya tumefurahi.

Alianzia dirisha la tiketi. Aliyekuwa akitembeza wageni alipougua, yeye aliombwa amshikie nafasi kwa wiki moja tu, na tiketi hakuzirudia tena. Ndiye aliyetengeneza ule mfano wa jua na dunia: jua ni mpira wa kuchezea watoto, uko mlangoni, dunia ni punje ya ulezi juu ya kigoda, mwisho wa korido. Nyota iliyo jirani, aliwaambia watoto, ingebidi tukaiweke nchi kadhaa kutoka hapa, na nauli hatuna. Kisha aliwainamisha juu ya punje. Humo ndani, alisema, mna atomu nyingi kuliko nyota zote za galaksi yetu.

Mfanyakazi mpya wa usafi aliwahi kupangusa kigoda, dunia ikaenda na vumbi. Bibi Sayari alisimamisha ziara. Mkurugenzi mwenyewe, na suti yake, alipiga magoti kupekua taka. Jikoni kulikuwa na kopo zima la ulezi, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha Bibi Sayari.

Mwaka jana alianza kuelekeza kidole pembeni ya kigoda. Tulidhani anatania. Ugonjwa umeshambulia katikati ya macho yote mawili. Ukumbi anauona, madirisha anayaona. Kinachompotea ni kile hasa anachokitazama. Nyuso zetu zimeshamtoka, sasa anatujua kwa sauti.

Binti yake atajifungua mwezi ujao, mjukuu wa kwanza. Bibi Sayari alikuwa akimwomba daktari miezi michache tu, amwone mtoto usoni. Wiki iliyopita alijibiwa kwamba haitawezekana. Alituambia huku akimenya chungwa, kisha akalia, nasi tukashindwa kujizuia.

Ahsante, dada. Tunakuombea mapumziko ya amani na mjukuu mwenye afya. Miaka yote hii umewaeleza watoto wa watu vitu ambavyo hakuna jicho linaloweza kuviona. Binti yako ametuomba tuseme mbele ya wote kwamba sasa ni zamu yake: atakaa kando yako akueleze uso wa mwanawe, kuanzia nyusi hadi kidevu, na ukitaka arudie, atarudia.