Mbia wa Miaka Sita

Treni ilipoiacha Tabora, Nestory alikuwa amekwisha kumweleza mama aliyekaa mbele yake dawa ya kodi. Mashine yake ya kukoboa mpunga pale Usoke sasa ina wabia wawili, yeye na bintiye Ange, nusu kwa nusu. Faida ikigawanywa, kila mmoja atatozwa kidogo. Akatoa hati. Chini yake Ange alitia dole gumba, kama wazee wasioandika wanavyotia kwenye chama cha tumbaku.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza mama huyo, karani mstaafu wa kodi.

"Sita. Lakini ana akili."

"Mkataba haumfungi mtoto, baba. Faida unakula wewe, kodi utadaiwa wewe."

"Nilimsomea yote, mama. Alikubali mwenyewe."

"Ulimpa nini?"

Nestory akatazama nje. Biskuti haikuandikwa kwenye hati.

"Na ikiwa hasara, atalipa nusu?"

"Atalipa," alijibu Nestory bila kusita.

Treni ikasimama Usoke. Mbia alikuwa stesheni na mama yake, amevua viatu, analia kwamba hawezi kutembea mpaka nyumbani. Nestory akachuchumaa, akampa mgongo.