Dakika Tisa za Clifford Ibbotson

Ndugu, jamaa na majirani wa Hagthwaite, mimi ni Gillian, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu.

Clifford Ibbotson alizaliwa hapa Hagthwaite, Yorkshire, tarehe 3 Machi 1936, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ernest, mchimba makaa, na Bi. Nellie, akasoma shule ya kanisa hadi Julai 1951, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alifaulu somo la kuchungulia dirishani tu, kwa kuwa reli ilipita ng'ambo ya uwanja. Mwezi uliofuata aliajiriwa kusafisha injini za mvuke, na mwaka 1955 akapandishwa kuwa mtia makaa, kazi aliyoipenda kupita kiasi.

Tarehe 10 Juni 1961 alifunga ndoa na mama yetu, Brenda Lumb, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Neil, na injini za mvuke zilipoondolewa mwaka 1968 akawa dereva wa treni za dizeli, ambazo alizidharau waziwazi hadi alipostaafu tarehe 2 Machi 2001.

Ndipo alipohamia kwenye kompyuta. Kuna mchezo ambao mchezaji hukaa katika kibanda cha ishara za reli, akivuta vyuma kuruhusu au kuzuia treni, na baba alitumia miaka sita kuutengenezea makutano ya reli ya Hagthwaite kama yalivyokuwa mwaka 1958, kila treni na dakika yake, kila kengele na mlio wake, huku mama akiita kutoka jikoni, "Cliff, treni zako zote zimefika, chakula kinapoa!"

Kazi ile ilisifiwa na wachezaji wa nchi nyingi, nasi tulijivuna, lakini tangu mwaka 2010 walimlalamikia juu ya hitilafu moja. Ndani ya mchezo, asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Novemba 1958, yenye ukungu mzito, treni ya mizigo inasimamishwa kwenye ishara, na sheria ya enzi hizo ilimtaka mtia makaa ashuke mara moja, atembee hadi kibandani, amkumbushe msimamizi kwamba wapo pale na kutia saini kitabuni, lakini mtia makaa wa baba hakushuka hadi dakika tisa zipite. Baba, ambaye aliwahi kubadilisha rangi ya taa kwa sababu ya barua moja tu ya mchezaji, hili hakuligusa, na Neil alipotaka kumsaidia alifokewa, "Acha hiyo!"

Mei 2012 aliwajibu wote pamoja: "Si hitilafu. Huyo ni mimi, nilikuwa nakaanga mayai na nyama ya nguruwe kwenye sepeto la makaa."

Asubuhi ile ya kweli, mwaka 1958, treni ya abiria iliruhusiwa ikagonga mabehewa yao, gadi akavunjika mguu, na Mzee Wilfred Garside, aliyekuwa kibandani, akabebeshwa lawama zote, akashushwa hadi kufagia stesheni, akafa mwaka 1989 akiitwa Wilfred Msahaulifu. Kweli alisahau kwamba treni ya mizigo ipo pale, lakini aliyetakiwa kumkumbusha alikuwa baba, na baba aliwaambia wachunguzi kwamba alishuka mara moja.

Baada ya jibu lile, binti wa Mzee Wilfred, Bi. Maureen, alikuja nyumbani, akaketi mbele ya kompyuta, akatazama dakika zote tisa, kisha akasema, "Mzee Cliff, mimi nimekusikia. Lakini baba yangu alichekwa Hagthwaite nzima, siyo chumbani humu." Baba aliahidi kusema kanisani, akaahirisha miaka kumi na moja, na hilo, nasema kwa uchungu, lilikuwa kosa lake la pili.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2023, akalazwa mara mbili, akafariki nyumbani tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 87.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompikia mama, wastaafu wenzake wa reli, na wachezaji mliosafiri kutoka mbali.

Karatasi hii aliniachia niisome mwisho: "Mimi, Clifford Ibbotson, sikushuka kwenye injini, nikadanganya, na Wilfred Garside akaadhibiwa. Jina lile mlilomwita msilitamke tena."

Bi. Maureen amekaa hapa mbele, kati ya mama na Neil.

Baba, nimeisoma yote, na wamesikia. Sasa pumzika.