Nukta Nyekundu za Fundi Kilian

Wazee wetu, shikamooni, nanyi nyote mliokuja kumsindikiza ndugu yetu, poleni na safari. Mimi ni Lukresia, mke wa marehemu, ukoo umenituma nisome kwa kuwa mengi ya haya tuliyaandika pamoja, sauti yangu ni ndogo, naomba mnivumilie.

Kilian Xavery alizaliwa Kitai tarehe 4 Julai 1964, mtoto wa tatu wa mzee Xavery na mama Careen, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1978, kisha akajifunza ufundi wa magari Songea kwa fundi Masoudi, ambaye tunaye hapa leo, na mwaka 1988, mabasi ya watu binafsi yalipoanza kuongezeka, akaja Mbinga kufungua gereji karibu na stendi.

Tulifunga ndoa tarehe 15 Juni 1991, Mungu akatujalia watoto wawili, Tadea, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1992, na Pankras, mwenye miezi saba, ambaye bado ananyonya.

Kuanzia Novemba 1994 breki za mabasi manne zilikataa kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay, magari mazima ya matajiri tofauti, watu kumi na mmoja wakafa, wengine wakasema pana mkono wa mtu, wengine wakasema mkono mbaya ni wa fundi, na wateja wakamkimbia. Marehemu akabandika ukutani karatasi za mifuko ya saruji, siku zikishuka chini, mabasi yakipangwa kwa upana, gari likiongezwa mafuta ya breki anaweka nukta nyeusi, breki zikikataa anaweka nyekundu, nami nikimwandikia majina na tarehe. Wiki tatu hatukuona kitu. Kisha akaunganisha kwa mstari mabasi yaliyoazimana kopo moja la mafuta ya breki, na nukta nyekundu zikashuka kama ngazi nyuma ya kopo lile, kila moja siku tisa au kumi baadaye. Sisi huku chombo cha jirani hatukirudishi kitupu, na makondakta nao, mafuta yalipopungua, walijazia oili ya injini wasionekane wachoyo, bila kujua kwamba oili huvimbisha mipira ya breki hadi ishindwe kushika.

Jumapili tarehe 12 Machi 1995 zamu ilikuwa imefika kwa basi la mzee Urbani, lililoongezwa kutoka kopo lile siku tisa nyuma. Kilian alimsihi lisiondoke, lakini abiria walikuwa wameshajaa, mzee akamwambia mbele ya stendi nzima, "Fundi, gari halitengenezwi kwa penseli, rudi kwa mkeo mkachore maua." Watu walicheka, nami nilikuwepo. Marehemu akapanda basi hilo hilo na gogo la kuzuia gurudumu, breki zilipokataa akaruka, akasukuma gogo chini ya tairi, basi likaegemea ukingo, abiria wote wakapona, yeye akabanwa. Alilazwa hospitali siku nne, akafariki Alhamisi tarehe 16, saa nne asubuhi, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kuuliza kopo liko wapi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, mafundi wenzake, na mzee Urbani aliyetoa jeneza, akaja kulia nasi.

Leo asubuhi nimemuuliza kondakta wa basi lililowaleta ndugu zetu wa Lundo, amekiri kwamba siku nane zilizopita aliongeza kutoka kopo hilo, na aliyelichukua kopo baada yake hamkumbuki. Nawasihi, mbele ya mwili huu, asipande mtu basi hilo hadi fundi Masoudi azifungue breki zake, na mwenye kopo alilete hapa.

Baba Tadea, kazi yako sijaimaliza. Pumzika kwa amani.