Kigari Kilichotangulia Katoro

Benchi letu liko kona ya stendi ya Ushirombo, pale barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami, na mtu akikwambia kuna benchi lenye akili kulizidi lile kati ya Kahama na Geita, mwambie aje anitafute. Mimi naitwa Kilomita, kwa ajili ya safari zangu, ambazo nyingine nilisafiri kweli. Kulia kwangu hukaa Pantaleo, tunamwita Lami, aliyekuwa akimwagia maji udongo barabara kuu ilipojengwa, na tangu hapo anaizungumzia kama shamba lake. Mbele yetu ni Sostenes na birika la kahawa. Alasiri hiyo tulikuwa tunabishana kwa kunong'ona, kwa sababu nilikuwa nimepakata mtoto wa watu, na mtoto amelala.

Mama yake, Asteria, binti kutoka vijiji vya ndani, alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara tangu asubuhi na kigari cha mtoto, kile cha magurudumu manne na kofia ya buluu. Baba mtoto, Davis, anachimba dhahabu Rwamgasa na hajawahi kumwona mwanawe. Alituma kigari kwa basi, akatamba kwa wenzake wa duarani, shimoni wanakochimba, kwamba mwanawe atakuja na usafiri wake. Kesho alfajiri kundi lao linahamia machimbo ya mbali. Asteria akifika leo, wataonana. Asipofika, haijulikani lini. Na kila konda aliyepita alisema lile lile: mtoto apande, kigari kibaki.

— Baba, naomba unipakatie — aliniambia. — Gari likija naingia kwanza kushika siti, wewe utanipitishia mtoto dirishani.

— Mayu, umempa mtu wake — nikamjibu, kama tunavyowaita kina mama huku. — Hii mikono imepakata watoto wa mikoa yote.

Ndivyo tunavyosafiri huku. Mama anaingia mlangoni kwa viwiko, mtoto anaingia dirishani kama mgeni rasmi, anapokewa na yeyote aliyekaa, anapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa mama yake. Hakuna anayeuliza huyu wa nani.

Jua lilikuwa limelegea. Mtoto alikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni, na joto lile lilinipanda mapajani hadi kwenye kope.

— Makonda wanakiogopa — akanong'ona Lami. — Gari likipanda juu ya gari, trafiki anaandika makosa mawili. Mimi barabara hii naijua.

— Uongo — akasema Sostenes, akimimina. — Wanaona wivu. Sisi tulibebwa mgongoni. Utoto wetu wote tuliona kisogo cha mama na dunia upande mmoja. Huyu analala chali anaona mawingu. Mtu wa hivyo akikua utamwambia nini?

— Atakuwa rubani.

— Rubani ni mdogo. Atakuwa anaamua mvua inyeshe wapi.

— Basi asisahau Kishapu — akasema Lami. — Shemeji zangu wa Mhunze wanateseka na ukame.

Nikawaacha wamalize, kwa sababu mtu aliyetembea hana haraka.

— Mimi nilishafika mji mmoja — nikasema — ambako basi likiona kigari cha mtoto linapiga magoti.

Wakanitazama.

— Linapiga magoti, Kilomita?

— Ya mbele. Kama ng'ombe anavyolala. Linashusha pumzi, fyuuu, sakafu inafika chini, mama anasukuma kigari anaingia hata hajainua mguu. Halafu linasimama taratibu, mtoto asiamke.

— Mji gani huo?

— Ukiutaja unaharibika.

— Na lisipoinuka? — akauliza Lami, aliyechunga ng'ombe hadi ndevu zikamwota.

— Unalipigia mluzi.

Hilo walilikubali, maana lilikuwa na mantiki. Tukakaa, kila mtu na mabasi yake. Mimi niliyaona yote, kutoka Kahama hadi ziwani, yamepiga magoti pembeni mwa mashamba ya pamba kama kundi lililoshiba, na kina mama wanaingia na vigari bila kusukumana, na konda amevua kofia anamuuliza mtoto angependa dirisha la upande gani. Sostenes alikuwa amefumba macho. Kahawa ilimwagika kidogo.

Kosta ya Katoro, basi dogo la kwenda upande wa Rwamgasa, ikaingia. Ilikuwa ya mwisho siku hiyo, na haikupiga magoti.

— Mtoto apande, hicho kidude kibaki — akasema konda.

Asteria hakupandisha sauti. Alishika mpini wa kigari kwa mikono miwili.

— Kaka, baba yake ameshasema kwa watu. Nikishuka nimembeba mgongoni watamcheka hadi huko wanakohamia. Na mimi nataka wakumbuke mwanangu alivyofika, maana sijui baba yake atamwona tena lini.

Konda akakuna kidevu. Dereva, aliyekuwa ameegemea usukani, akasema bila kugeuka:

— Kipandisheni kwenye keria. Kifungeni vizuri. Kikianguka, sisimami.

Hapo ndipo ungejua kwa nini naliita benchi lenye akili. Lami alipanda juu kama kijana. Sostenes alifungua kamba ya jiko lake, akamrushia. Mimi, kwa kuwa nina mzigo, niliongoza kazi yote kwa kidole nikiwa nimekaa: hapo, hapana, katikati ya matenga ya kuku, kofia iangalie mbele, kaza hilo fundo. Kosta nzima ilichungulia madirishani kutoa ushauri. Asteria alipotelea mlangoni kati ya mabega ya watu. Konda akapiga bati, Kosta ikaondoka.

Tuliitazama. Kofia ya buluu ilikuwa imefunguka, magurudumu yanazunguka kwa upepo, kigari kinaendeshwa angani na mtu asiyeonekana kuelekea Katoro.

— Kinapendeza — akasema Sostenes.

— Kimefungwa na mtu wa barabara — akasema Lami.

— Kimeongozwa — nikasema.

Mama mmoja akashuka kwenye bodaboda na kikapu cha mayai, akakaa kwenye ncha ya benchi. Akasema anaitwa Generosa, anakwenda kwa dada yake.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akainama kwangu, akatabasamu.

— Mjukuu amelala vizuri. Anaitwa nani?

Nikamtazama Lami. Lami akamtazama Sostenes. Sostenes akatazama barabara, na barabara ilikuwa tupu. Nikashusha macho mapajani. Mtoto akafumbua yake, akatukagua mmoja mmoja kama konda anayemtafuta asiyelipa.

— Kilomita — akasema Lami, na safari hii alinong'ona kwa hofu.

Nikamkumbatia mtoto. Akilini nilimwona Davis amesimama mbele ya wenzake, anainua kofia ya buluu, na ndani hamna kitu.

Kisha mbali kwenye kona tukaiona Kosta. Ilikuwa inarudi kinyumenyume, polepole, inaomba njia kwa honi, na kigari juu yake kinarudi nacho, magurudumu yakizunguka upande wa pili.

Huko ndani, konda alitusimulia, Asteria aliuliza: mtoto wangu yuko kwa nani? Swali likapita siti kwa siti, na kila mtu akainua alichopakata: begi, kuku, mtoto wa mwingine. Ndipo Asteria alipokikumbuka kidole changu kikiongoza kazi, akaelewa kwamba nilikuwa nimekaa tu benchini na mtoto mapajani.

Alinyoosha mikono dirishani. 

— Baba, nilikukabidhi kitu kimoja tu.

— Kweli, mayu — nikasema. Sikuwa na safari ya kusimulia hapo.

Nikanyanyuka, nikampitisha mtoto dirishani, na sikuachia hadi nilipoona ameshikwa kifuani. Asteria akamnusa utosi, akafumba macho. Dereva alisubiri. Kosta ikaondoka mara ya pili, na mara hii kila mtu alikuwa mahali pake.

Tukakaa. Hatukubishana.

— Haya — akasema Generosa, akipanga mayai yake. — Jina mmemuuliza?

Sostenes akainamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa tone moja, na masimbi ya kahawa.