Kipande cha Mwalimu Lorna

Wasikilizaji wapendwa, sopa. Leo sina utani mwingi. Mwalimu Lorna Kuntai wa Kitengela ametutoka. Narudia, Mwalimu Lorna ametutoka.

Alizaliwa Kajiado, akafundisha Kiingereza hapa Kitengela mpaka nywele zikawa nyeupe. Na mnajua Kiingereza na maneno yake marefu! Sisi tukikutana na "responsibility" tunaweka uzito kwa silabi ya pili kutoka mwisho, vile Kiswahili kimetuzoesha. Mwalimu alikuwa anakataa katakata. "Aii! Hebu leteni mbuzi!"

Mbuzi ni hilo neno. Kwa Wamaasai mbuzi hakatwi ovyo. Anakatwa kwa viungo, na kila kipande kiko na mwenyewe. Basi alipanga wanafunzi mstari, kila mtu na silabi yake: re, spon, si, bi, li, ty. Wa "bi" ndiye alibeba uzito, kwa hivyo alipaza sauti. Halafu akawaonyesha kwamba ndani ya neno hilo refu kuna neno dogo, "response", yaani jibu. Na ole wako uchukue kipande cha mwenzako!

Mwaka jana akapata kiharusi. Sauti ikaenda. Daktari alisema akizoezwa huenda akaongea tena. Familia haikutaka kitu kingine, ni aongee tu.

Binti yake Nashipae alituambia: "Tulimletea mbuzi yake. Kila jioni tulisimama kando ya kitanda, baba, mimi na ndugu zangu watatu. Yeyo, yaani mama, tulimwachia 'bi'. Tukifika hapo tunanyamaza, tunamngoja. Anafungua mdomo, jasho linamtoka, machozi yanamtoka. Hakuna kitu. Tunarudia kesho."

Hakuongea, wasikilizaji. Mpaka siku alipofariki hakuongea.

Jumamosi tulimzika Kajiado. Watoto na baba yao wakajipanga mbele ya kaburi. Re. Spon. Si. Kimya. Pasta akafikiri wamesahau, akataka kuwasaidia. Mzee Kuntai akamshika mkono. "Wacha, Pasta. Hicho ni chake."

Hawakumaliza. Tukarudi nyumbani hivyo.

Mzee Kuntai, Nashipae na ndugu zako, poleni sana. Sitawadanganya kwamba uchungu utaisha. Na wewe msikilizaji, kama mama yako bado anaongea, hata kama ni kukugombeza, zima hii redio umsikilize.