Ubao Ambao Mama Haonga Hakuupaka Wino

Miaka thelathini na mbili, jamani! Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Tulinagwe Haonga anavua aproni yake yenye madoa na kuiaga karakana yetu ya uchapaji wa picha kwa mbao za kuchonga hapa Tunduma. Sisi aliotufundisha kushika patasi tumeshaanza kununa.

Alizaliwa mjini hapa, lakini kila shule ilipofungwa alipelekwa kwa bibi yake Isansa, kuchuma kahawa na kufukuza ngedere shambani. Picha zake zote zimetoka huko, ingawa usitegemee kuona jani lenye sura ya jani. Kwake kilima ni mikato miwili, kahawa ni duara tatu. Bwana Sufiani, mfanyabiashara wa Mlowo, aliagiza chapa ya magunia yenye tawi la kahawa. Alipoletewa duara tatu, alifoka akasikika mtaa wa pili. Leo magunia yake yanajulikana kwa mbali, naye anajisifu kuwa wazo lilikuwa lake!

Fahari yetu kubwa, hata hivyo, ni ubao ule ulio kando ya mlango. Wachapaji huchonga picha kinyume, ili ikigandamizwa kwenye karatasi itoke sawa. Mwaka 2009 Mama alichonga nyumba ya Bibi, kijito na mibuni, akakimbilia Isansa na picha mkononi, ubao kwapani. Masikini, macho ya Bibi yalikuwa yameshazima. Bibi akaupapasa ubao, akasema kwa huzuni kwamba hapo si kwake, maana kijito chake kiko kulia. Mama alilia njia nzima ya kurudi.

Alichonga ubao mwingine siku nne mfululizo, safari hii bila kugeuza picha. Bibi akapapasa, akakifikia kijito, akacheka, akauliza mbona mbuzi wake hawapo. Mwezi uliofuata alifariki, akiwa ameiona kazi ya mjukuu wake.

Ubao huo haujaguswa na wino hata siku moja. Tulijua atauchukua, na roho zilituuma. Kumbe! Wiki iliyopita aliushusha, akajifungia nao asubuhi nzima, kisha akaurudisha ukutani na sharti moja: kila mwanafunzi mpya aupapase akiwa amefumba macho kabla ya kupewa patasi.

Mcheza kwao hutunzwa. Asante, Mama Haonga. Nenda Isansa ukapumzike, mibuni izae, na afya isikupungukie.

Nasi tumeshaupapasa. Karibu na kijito sasa kuna mbuzi wawili.

Boazi Simbeye, kwa niaba ya karakana